Bodi Nne Zilizokaa Kimya

Jumba la vifaa vya umeme lilifurika mchana ule, hata sindano isingepata pa kuangukia. Kila duka lilikuwa na redio yake na kila redio ilikuwa na wimbo wake. Katikati ya zogo hilo, binti mmoja aliyevaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, miwani ameipandisha kichwani, alikuwa ameegemea kaunta akipaza sauti ili asikike.

"Kaka, nataka waya wa USB. Wa kuunganishia kompyuta na bodi."

"Huu hapa, dada yangu. Mpya, bado unanukia."

Binti alikuwa ameshafungua pochi aliposikia sauti nyuma ya bega lake, sauti ya mtu asiye na ugomvi na saa.

"Huo utachaji simu tu. Kuongea hauongei."

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati la mistari amelikunja mikono hadi viwikoni, na shingoni kilenzi cha kukuzia vitu vidogo kikining'inia kwa kamba ya kiatu. Kidole gumba chake kilikuwa na madoa ya kuungua, mengine ya zamani, mengine ya wiki hiyo.

"Umejuaje na hujaushika?"

"Wembamba wake. Humo ndani kuna nyuzi mbili, za umeme peke yake. Zile za kupitisha data hamna. Utachomeka, taa ya bodi itawaka, utashangilia. Halafu kompyuta itakuapia kwamba haijaona kitu."

"Kwani wewe ni nani, daktari wa nyaya?"

"Mgonjwa wao. Nimeuziwa hizo mpaka nimekoma."

Binti akacheka bila kutaka. Muuzaji, ambaye hakucheka, akatoa waya mwingine mnene kutoka chini ya kaunta, na akamwambia yule kijana kwamba siku nyingine aje kununua, asije kuhubiri.

Walitoka pamoja hadi mlangoni na wakasimama pale kwa muda mrefu, wakiwazuia watu kupita, kama kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kazi. Nyumbani kwao binti huyu aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yake, na jina hilo likamganda hata kazini. Aliandika programu za kompyuta, zile zinazokaa kwenye meza ya ofisi na kuzungumza na mashine kupitia waya. Kijana naye alitengeneza bodi, vile vibao vidogo vyenye chipu katikati ambavyo hupima joto, huwasha feni au huhesabu chupa, kadiri unavyoviagiza. Alifanya kazi kwenye karakana ya mjomba wake. Mafundi wenzake walimwita Taratibu, maana hakulehemu nukta moja bila kuitazama mara mbili.

"Kwa hiyo mimi naandika wa kuuliza, wewe unatengeneza wa kujibu," alisema Kitinda.

"Basi tusipopeana namba itakuwa hasara kwa taifa."

Wakapeana.

Tangu siku hiyo simu ya Taratibu iliingia kila jioni, wakati Kitinda akiwa amejinyoosha kwenye kochi na dada yake akiwa kwenye cherehani chumba cha pili.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nasubiri sauti yako inishibishe."

"Utakufa njaa, nakwambia."

"Nikifa utanilipia waya niliokuokoa nao?"

"Nitakuzika nao shingoni, mpenzi."

Dada mtu alikuwa akiipiga pedali kwa nguvu makusudi, ili wajue kwamba ukuta ni mwembamba.

Mapenzi yalikuwa yamefika pale ambapo watu huacha kuulizana "tutaonana lini" na kuanza kuulizana "uko wapi", ndipo mteja mkubwa alipoingia kwenye karakana ya mjomba. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye kituo cha kutotolesha vifaranga, na kila mtu alimwita Mama Vifaranga. Alikuwa na mashine sita kubwa kama makabati, zimejaa mayai. Joto likipanda kidogo tu, mayai yanaiva badala ya kuanguliwa. Alitaka kila mashine iwekwe bodi ya kupima joto na unyevu, na bodi zote ziunganishwe kwa waya na kompyuta ya ofisini, ili akae kwenye kiti chake azione zote sita kwenye skrini moja.

Bodi zilikuwa kazi ya Taratibu. Programu ya kompyuta, mjomba alitaka kumpa bwana mmoja aliyezoeana naye miaka mingi. Taratibu, ambaye hakuwahi kubishana na mjomba wake hata kuhusu hali ya hewa, siku hiyo alibisha.

"Mjomba, mpe Kitinda. Mimi namdhamini. Akiharibu yeye, hesabu nimeharibu mimi."

Mjomba alimtazama, akacheka puani, akakubali. Taratibu alimsimulia Kitinda maneno hayo kwa simu, na Kitinda alijisikia mrefu kuliko kawaida yake.

Alifanya kazi ile kwa moyo wote. Bodi zote sita zilipita mezani kwake, na zote zilijibu. Alibonyeza kitufe cha "Unganisha", akainua kikombe akapiga funda la chai, akabonyeza cha "Soma", na joto likatokea kwenye skrini. Taratibu alipokwisha kuzichukua kwenda kuzifunga kwenye mashine, alimwachia bodi moja ya akiba. Sasa, asubuhi ile ile ya kumwonyesha mteja, Kitinda aliona kwamba vitufe viwili vinaharibu sura ya programu. Akaviondoa. Akaweka kimoja kikubwa, cha buluu, chenye pembe za duara, cha kuunganisha na kusoma mashine zote kwa mpigo. Akakijaribu kwa ile bodi ya akiba, ikajibu bila wasiwasi, akafunga laptopu na kwenda kuchagua viatu.

Alivaa blauzi nyeupe yenye kola ya marinda, suruali nyeusi na viatu vya kisigino. Taratibu alivaa koti la kuazima lililomzidi mikono. Ofisi ya Mama Vifaranga ilinukia dawa ya kusafishia na manyoya yenye joto, na nyuma ya ukuta vifaranga wa siku moja walikuwa wanalia kwa maelfu. Nyaya sita zilitambaa chini ya mlango na kukutania kwenye kigawanyo cha USB pembeni mwa kompyuta. Mjomba alisimama na kofia mkononi. Mama Vifaranga alikaa kwenye kiti chake, na wafanyakazi wake waliovaa makoti meupe wakajipanga nyuma yake.

"Haya, binti, tuonyeshe maajabu."

Kitinda akabonyeza kile kitufe cha buluu.

Kwenye skrini ikatokea miraba sita, mmoja kwa kila mashine. Miwili ikawa ya kijani. Minne ikawa myekundu, na juu ya kila mmoja likatokea neno: HAIJIBU.

Akabonyeza tena, na tena ikawa vile vile.

"Mbona nyekundu?" aliuliza Mama Vifaranga.

Masikio ya Kitinda yalipata moto. Alihisi macho ya watu wote mgongoni mwake, na macho ya mjomba kuliko yote. Angeweza kusema, "Nipeni nafasi niangalie." Hayo yangetosha, na mtu yeyote pale angemwelewa. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema mengine.

"Programu yangu haina tatizo. Mbili zimejibu, mnaona wenyewe. Ingekuwa programu ndiyo mbovu, hata hizo zisingejibu. Hizi nne ni bodi mbovu. Zimelehemiwa vibaya."

Hakumtazama Taratibu wakati anasema. Mjomba ndiye aliyemtazama, kisha akatazama sakafu.

"Kijana," alisema Mama Vifaranga, "mayai yangu si ya kufanyia mazoezi."

"Samahani, mama. Nitazichukua nikazirekebishe."

Akaenda kuzifungua kutoka kwenye mashine, moja baada ya nyingine, akizungusha bisibisi bila kuinua macho.

Jioni simu iliingia kama kawaida, lakini haikuuliza nani amekula.

"Kitinda, nimekutia aibu mbele ya mteja. Nilikupeleka pale mwenyewe, nikakudhamini mwenyewe, halafu kazi yangu ndiyo ikakuangusha. Nisamehe."

Kitinda alijisikia mwema. Alimhurumia kwa dhati, sauti ikalainika yenyewe.

"Usijali, mpenzi wangu. Nimekusamehe. Kila mtu hukosea."

"Una moyo mkubwa wewe. Asante. Asante sana."

Usiku huo Kitinda alilala usingizi mzuri, na baadaye, katika yote, usingizi huo ndio uliomuuma zaidi.

Taratibu alizikalia zile bodi nne kama mtu anayeuguza. Alitoa risasi yote ya kulehemia akalehemu upya, akapima kila nukta, akaweka kilenzi jichoni mpaka jicho likawa jekundu. Kosa hakuliona. "Na kama kosa lipo na silioni," alimwambia Kitinda kwa simu, "basi macho yangu ndiyo mabovu." Mjomba hakugomba. Alimhamisha tu kutoka meza ya bodi hadi kaunta ya mbele, kubadilisha matundu ya kuchajia simu, na meza yake akapewa fundi mwingine. Bodi moja kati ya zile nne Taratibu alimletea Kitinda aijaribu.

"Ikigoma tena, usinifiche," alimwambia.

Asubuhi moja Kitinda aliichomeka kwenye laptopu yake kwa ule waya mnene wa siku ya kwanza. Akabonyeza kitufe cha buluu. HAIJIBU. Akaguna, akamwonea huruma fundi wake. Lakini safari hii alikuwa amefungua dirisha la pili pembeni, la kuonyesha kila neno linalopita kwenye waya, na hakulifunga upesi. Taa ndogo ya bodi ilizima, ikapepesa, ikawaka. Kisha, programu yake ikiwa imekwisha kuandika hukumu na kugeuka kuendelea na mambo mengine, neno moja likaingia kutoka kwenye bodi: TAYARI.

Akabonyeza tena, na neno likaja tena, limechelewa vile vile.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kompyuta inapofungua mlango wa USB, bodi za namna ile hujizima na kuwaka upya, na zinahitaji muda mfupi wa kuamka kabla hazijaweza kusikia swali. Chipu za bodi nne zilitoka boksi tofauti na zile nyingine, nazo zilikuwa nzito kidogo kuamka. Wakati ule wa vitufe viwili, funda la chai lilikuwa linazipa bodi nafasi bila Kitinda kujua. Kitufe cha buluu kilifungua mlango, kikauliza na kukata tamaa kwa pumzi moja. Ni sawa na mtu kupiga hodi na kuondoka kabla mwenye nyumba hajavaa kandambili, kisha akatangaza mtaa mzima kwamba nyumba ile haina watu.

Marekebisho yalikuwa mistari mitatu: fungua, subiri bodi iseme iko tayari, ndipo uulize. Akaiandika. Mraba ukawa wa kijani.

Kitinda alikaa akiutazama ule ukijani bila furaha. Alizikumbuka sauti zake mbili, ile ya ofisini iliyosema "zimelehemiwa vibaya", na ile ya kwenye simu iliyosema "nimekusamehe". Hakujua ipi inamtia aibu zaidi. Alitamani kosa liwe lingine, liwe la waya, la umeme, la shetani, la yeyote.

Alijiambia atamweleza Taratibu watakapomaliza kufunga. Siku ya kufunga ikafika. Bodi zikarudishwa kwenye mashine, Kitinda akaweka programu mpya kimya kimya, akabonyeza. Miraba yote sita ikawa ya kijani kama mchicha.

Mama Vifaranga akapiga makofi. "Ehee! Kumbe fundi ukimkemea ndipo anajua kazi!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Taratibu naye akacheka, ameinamisha kichwa, akikusanya bisibisi zake. Na Kitinda akacheka. Kicheko kilimtoka mdomoni kikiwa kikavu, akajisikia mchafu tangu unyayo hadi utosini, lakini alicheka.

Baada ya hapo akawa kila akitaka kusema, neno linamkwama. Leo kachoka, kesho ana wageni. Mtu akitafuta sababu za kunyamaza hazikosi. Ndipo Taratibu alipompigia kwa sauti ambayo hakuijua.

"Nimeamua jambo. Binamu yangu ana duka la viatu, anatafuta msimamizi. Nitaenda."

"Viatu? Wewe? Na bodi?"

"Nilizitengeneza zile nne mpaka zikapona, na sijui niliziponyesha nini. Fundi asiyejua alichokosea wala alichorekebisha ni fundi gani? Mikono yangu siiamini tena, Kitinda. Na lile nililotaka kuja kumwambia baba yako, tuliweke kwanza. Siwezi kwenda kuomba mke na sijui ninafaa kwa lipi."

"Taratibu..." alianza Kitinda.

"Naam, mpenzi."

"Hamna. Lala salama."

Aliiweka simu chini, akaingia chumba cha cherehani, akaketi kwenye rundo la vitambaa.

"We vipi?" aliuliza dada yake bila kuacha kushona. "Uso umekuwa kama nguo iliyofuliwa ikasahaulika kukamuliwa."

Kitinda akamwambia yote. Katikati ya maelezo pedali ilisimama.

"Nyani haoni kundule," alisema dada. "Mwenzio anaacha kazi ya mikono yake kwa ajili ya kitufe chako cha buluu, na wewe unamwambia alale salama?"

"Nitampigia sasa hivi nimwambie."

"Kwa simu?"

"Sasa nifanyeje?"

"Ulimsema kwa simu? Si ulimsema mbele za watu? Umtukane sokoni halafu umwombe radhi uvunguni! Hiyo haiwi radhi, mdogo wangu, hiyo ni kuendelea kujificha."

Kitinda alilia. Dada alimwacha alie, kisha akamrushia kipande cha kitambaa cha kujifutia na kurudi kwenye mshono wake.

Kesho yake Kitinda aliwaomba mjomba na Mama Vifaranga wakutane pale kituoni. Taratibu alifika wa mwisho, anahema.

"Zimekufa tena?" aliuliza, na hofu ya swali lile ilimchoma Kitinda vibaya.

Alikuwa amevaa gauni la kawaida na ndala, hana hata hereni. Alifungua laptopu yake mbele yao, akachomeka waya wa kigawanyo.

"Hii ni programu ya siku ile ya kwanza. Tazameni."

Akabonyeza. Mbili kijani, nne nyekundu.

"Mungu wangu, mayai yangu!" alisema Mama Vifaranga.

"Mayai ni mazima, mama. Sasa hii ni programu ya pili. Bodi sijazigusa. Waya ni ule ule."

Akabonyeza. Bodi zikachukua muda wao kuamka, kisha zote sita zikawa za kijani. Kitinda aligeuka akawatazama.

"Bodi za Taratibu hazikuwa na kosa, tangu mwanzo mpaka leo. Kosa lilikuwa la kwangu. Programu yangu iliziuliza kabla hazijaamka, halafu nikasema hapa, mbele yenu, kwamba zimelehemiwa vibaya. Nilisema bila kuangalia. Halafu nikajua ukweli, nikajua kabla hatujaja kufunga, na nikanyamaza. Mama uliposema fundi akikemewa ndipo anajua kazi, mlicheka, na mimi nikacheka. Naona aibu. Sina neno lingine, naona aibu."

"Sasa na mimi," alisema Mama Vifaranga polepole, akijishika shavu, "niliyemkaripia mtoto wa watu bure, hii sura nitaiweka wapi?"

Mjomba alikohoa. Akaigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. "Kesho urudi kwenye meza yako," alimwambia mpwa wake. Alikuwa mzee ambaye hajui kuomba radhi, na kurudisha meza ndiyo radhi pekee aliyokuwa nayo.

Taratibu alitoka nje.

Kitinda alimkimbilia, akampata uani, kati ya trei tupu za mayai zilizopangwa hadi kifuani.

"Sema kitu. Nitukane basi."

"Ulijua, halafu ukaniacha nicheke nao?"

"Ndiyo."

"Ningeenda kuuza viatu."

"Najua."

Taratibu alishika ukingo wa trei na kuuachia. "Kukosea si kitu, Kitinda. Mimi nimeunguza bodi ngapi? Kukosea kwa namna ile hata mimi ningeweza kukosea. Lakini ulinisamehe. Unakumbuka? Nilikupigia na roho iko mkononi, ukanisamehe kosa ambalo sikulifanya, na mimi nikakushukuru. Nilikushukuru! Nikakaa siku zote zile nakuona mtu mwema kuliko mimi."

Aibu aliyoihisi Kitinda mbele ya wale watu ofisini ilikuwa mchezo ukilinganisha na hii ya kusimama mbele ya mtu mmoja.

"Naomba..."

"Usiombe leo. Ukiomba nitakupa, kwa mazoea. Halafu nitajichukia."

Akaondoka, koti la kazi likipepea nyuma yake, na hakugeuka.

Jioni zikawa ndefu. Kitinda aliweka simu juu ya meza, uso juu, akajifanya hamnazo, lakini kila ilipotikisika aliidaka kama mtu anayezuia glasi isianguke. Ilikuwa ni wateja, au kampuni ya simu ikimpongeza kwa jambo fulani. Alisikia kwa watu kwamba Taratibu amerudi kwenye meza yake na kazi zinaingia, kwa kuwa Mama Vifaranga, kwa aibu yake, alikuwa anamsifu kila anakopita. Akafurahi, furaha ya kulia. Mara moja alijikaza akampigia.

"Umekula?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado," alisema Taratibu. Kisha akaongeza, "Na lile la kukusamehe pia bado." Simu ikakatika.

Kitinda hakupiga tena. Alifanya kazi zake, akawa mpole hadi dada akaanza kuwa na wasiwasi.

Mwezi ulikuwa umekwisha kupinduka alasiri moja mlango ulipogongwa. Dada alikuwa kwenye cherehani akishona pazia, Kitinda amekaa sakafuni akitoa pini. Taratibu aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, na alipokaribishwa kiti hakukaa.

"Hasira bado ninayo," alisema.

"Najua," alisema Kitinda, macho kwenye pini.

"Nilidhani nitaimaliza kwanza ndipo nije. Haimaliziki. Nikikaa nayo peke yangu inaongezeka. Nakumbuka maneno yako, nayatia chumvi, yanazidi kuuma. Nimeona afadhali nije nikasirike hapa hapa ulipo, unione."

"Utakasirika mpaka lini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka muda mrefu. Muda wa ndoa, kama baba yako atakubali. Na kama wewe utakubali."

Cherehani ilisimama.

"Samahani kidogo," alisema dada. "Huyu anaposa au anagomba?"

"Vyote viwili, shemeji."

"Shemeji wa nani? Hata hujajibiwa!"

Kitinda alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Alitaka kucheka, akajikuta analia, machozi yakipenya kati ya vidole na kudondokea pazia la watu. "Mimi sikustahili wewe," alisema. "Ninatamani, Taratibu, natamani mpaka basi. Lakini nina haya hata ya kukutazama."

"Nitazame na haya yako. Mimi nitakutazama na hasira yangu."

"Ndiyo, basi," alisema ndani ya viganja. "Jibu ni ndiyo."

"Nina sharti moja."

"Sema, lolote."

Taratibu akachuchumaa pale sakafuni, kati ya vitambaa.

"Siku nyingine nikikosa, usikimbilie kunisamehe. Kwanza angalia kama nimekosa."

Dada alikodolea macho mshono wake. Kitinda aliteremsha mikono polepole, uso umeloa, haya imemjaa hadi masikioni.

"Nitaangalia," alisema, akamtazama.